Vituo vya Sanaa Visigeuzwe Mipaka

Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani. Methali hii twaifundisha kila muhula, na kila muhula twaikiuka. Mwalimu wa Sanaa huchora kikombe ubaoni, kisha akawaamuru watoto hamsini wakinakili kikombe kile kile, kwa penseli, kwa dakika zile zile. Amalizaye mapema hukaa bure. Ashindwaye hukata tamaa. Hilo, msomaji mpendwa, si somo la Sanaa bali ni imla ya picha.

Nilizinduliwa nilipozuru shule moja ya msingi karibu na Olenguruone, katika eneo la Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru. Haja yangu ilikuwa kuchunguza lugha za watoto. Nilimkuta mwalimu ameligawa darasa lake katika vituo vinne. Kwenye kituo cha kwanza watoto walifinyanga udongo. Cha pili walisuka nyuzi za magunia makuukuu. Cha tatu walichora. Cha nne walichonga viazi vidogo visivyouzika, wakavipaka rangi na kupiga chapa karatasini. Lengo la kipindi lilikuwa moja kwa wote: ruwaza, yaani umbo linalorudiwarudiwa kwa mpango. Njia za kulifikia ndizo zilizotofautiana.

Msomi wa Marekani, Carol Ann Tomlinson, aliyeandika kitabu kuhusu mafunzo ya aina hii mwaka wa 1999, anaeleza kuwa mwalimu anaweza kubadilisha yale yanayofundishwa, namna ya kujifunza, au kazi inayotolewa na mwanafunzi. Nilichokiona Olenguruone kilikuwa nadharia hiyo hiyo, ila imevaa koti la baridi ya Mau.

Palikuwa na mvulana mmoja ambaye hakuwa amelijibu swali langu hata moja. Kwenye kituo cha viazi nilimsikia akimwelekeza mwenzake kwa Kiswahili: geuza, bonyeza, inua. Mkono ulikuwa umeufungua ulimi. Waama, lugha hutafuta kazi ya kufanya kabla ya kutafuta sarufi.

Kwa furaha nikamshauri mwalimu: kwa nini watoto wa Kikipsigis wasipewe kituo cha vibuyu vya maziwa vinavyopambwa kwa shanga, na wa Kikikuyu wakapewa kituo cha vyondo, ili kila mmoja aanzie na sanaa ya kwao? Akanitazama kwa upole, akasema, "Daktari, hapa watu waliwahi kugawanywa hivyo."

Niliona haya. Olenguruone ndipo serikali ya kikoloni ilipowahamishia Wakikuyu mapema katika miaka ya 1940, kisha ikawafurusha mwaka wa 1950. Ndipo pia palipochomwa nyumba katika ghasia za 1992, na eneo la Kuresoi likateketea tena baada ya uchaguzi wa 2007. Mimi, na shahada zangu, nilikuwa karibu kuuchora mpaka ule ule juu ya madawati ya watoto.

Kumbe mwalimu yule alikuwa na vibuyu na vyondo kabatini. Aliviweka kwenye kituo kimoja, watoto wote wakapitia hapo kwa zamu, wakalinganisha ruwaza za shanga na za ususi. Makundi aliyabadilisha kila juma, kulingana na kile ambacho mtoto aliweza au alishindwa kukifanya juma lililotangulia. Hakuwa na meza ya "werevu" wala ya "wazito".

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sanaa iliondolewa katika mtihani wa kitaifa wa shule za msingi, na walimu wengi wakaigeuza kipindi cha Hisabati. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umeirejeshea hadhi. Lakini mtaala haufundishi. Mwalimu ndiye afundishaye. Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, msingojee rangi za dukani. Udongo upo, magunia yapo, na viazi vipo.

Mtofautishieni mtoto kazi, kwa kuwa vidole havilingani. Ila kumbukeni kuwa vidole hivyo ni vya mkono mmoja.