Mtafiti wa Taiwan Aanzie Wapi?

Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 76 dhidi ya 35, na kiti cha China kikatoka Taipei kwenda Beijing. Tanzania, iliyowakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele. Tangu hapo Taiwan imekaribia kutoweka katika vitabu vyetu. Kisiwa chenye watu takriban milioni 23 tunakisikia tu habari inapohusu manowari au chipu za kompyuta.

Kwingineko mambo yamekwenda tofauti. Sheria ya kijeshi ilipoondolewa Taiwan mwaka 1987, mauaji ya raia yaliyofanywa na majeshi ya serikali mwaka 1947, yaliyokuwa yakinong'onwa majumbani, yakaanza kuandikwa, na utafiti wa kisiwa chenyewe ukapata pumzi. Wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini waliunda chama chao mwaka 1994, Chuo cha SOAS cha London kikaanzisha masomo ya Taiwan mwaka 1999, na chama cha Ulaya kikazaliwa 2004. Tangu 2018 kuna pia jarida la kimataifa linalochapishwa na Brill. Makongamano yao ni mazuri, ila kwa mtafiti wa Morogoro au Eldoret nauli yake haina uwiano na anachovuna.

Vijana wakiniuliza kuhusu Taiwan, swali la kwanza huwa ni ufadhili. Mimi huwarudisha kwenye nyaraka. Fedha humfuata mwenye swali zuri, na maswali mazuri yamejificha katika majalada ambayo bado hatujayagusa.

Chukua mji wa Nantou, katikati ya kisiwa. Taasisi ya Taiwan Historica imehifadhi huko majalada zaidi ya 13,000 ya ofisi ya gavana mkuu wa Kijapani, utawala uliodumu kuanzia 1895 hadi 1945. Zimo pia kumbukumbu za idara iliyohodhi biashara ya kafuri, chumvi na afyuni. Mwaka 1905 Wajapani waliwahesabu wakazi wa Taiwan, miaka 15 kabla ya sensa ya kwanza ya Japani yenyewe. Mwaka huohuo, upande wetu wa Bahari ya Hindi, Wajerumani walikabiliwa na Vita vya Maji Maji. Na Gotō Shinpei, aliyesimamia utawala wa kiraia wa Taiwan wakati huo, alikuwa daktari aliyewahi kusoma Ujerumani. Mafaili ya Wajerumani yapo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Anayeweza kuyaweka mafaili hayo ubavuni mwa yale ya Nantou, akalinganisha upimaji wa ardhi na utozaji wa kodi wa tawala mbili zilizokuwa ngeni katika ukoloni, ana kazi ya maisha. Tahadhari tu: miandiko ya mkono ya makarani wa Kijapani na wa Kijerumani wa enzi ile inahitaji mafunzo yake yenyewe.

Swali jingine liko karibu zaidi. Rwanda na Kinshasa zilikuwa na uhusiano na Taipei hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia 1961 Taiwan ilituma Afrika mafundi wa kilimo kufundisha ulimaji wa mpunga, na Rwanda ilipata wake. Taarifa za kidiplomasia za zama hizo zimo katika hifadhi ya Taasisi ya Historia ya Kisasa ya Academia Sinica, Taipei, na orodha yake inatafutika kwenye intaneti. Upande wa pili wa habari hiyo uko kwa wazee walioshika jembe pamoja na mafundi wale. Hao hawatatungoja.

Wanaisimu nao wana lao. Kwa mujibu wa uainishaji wa Robert Blust unaofuatwa na wengi, matawi tisa kati ya kumi ya lugha za Kiaustronesia yako Taiwan, na la kumi limebeba lugha zote zilizobaki, Kimalagasi kikiwemo. Ngalawa zetu zenye vielea pande mbili mara nyingi huhusishwa na mabaharia wa ukoo huo wa lugha.

Usiye na nauli, anza na Maktaba Kuu ya Taifa ya Taipei. Mfumo wake wa tasnifu za vyuo vya Taiwan uko wazi kwa yeyote, na nyingi zinapakuliwa bure, nzima. Ni hazina ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha.

Kikwazo halisi ni lugha. Aliyejifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Nairobi au ya Dar es Salaam amezoea herufi zilizorahisishwa, ilhali Taiwan huandika kwa herufi za jadi, hivyo atenge miezi kadhaa ya kuzizoea. Kwa ajili hiyo Wizara ya Elimu ya Taiwan hutoa ufadhili wa Huayu, wa kusoma lugha peke yake, kuanzia miezi miwili hadi mwaka. Wa kusomea shahada ni mwingine.

Kwa wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu upo Taiwan Fellowship, ulioanza mwaka 2010: miezi mitatu hadi kumi na miwili, pamoja na posho na tiketi ya ndege. Fedha zake zinatoka Wizara ya Mambo ya Nje, na wizara ya namna hiyo haitoi fedha bila kutafuta marafiki. Chukua ukilijua hilo, kisha andika ulichokiona.

Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali hazina ubalozi wa Taiwan, kwa hiyo shughuli za viza hupitia ofisi ya uwakilishi iliyo nchi nyingine, na hilo hula muda. Maombi ya Taiwan Fellowship hupokelewa kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni kwa ajili ya mwaka unaofuata, na yanahitaji taasisi ya Taiwan iliyokubali kukupokea. Kwa hiyo mwandikie mwenyeji wako kabla ya Machi, barua ya ukurasa mmoja, na utaje jalada unalotaka kulisoma.