Jinsi ya kubadilisha beringi za mbele za pikapu nyumbani

Mwenye pikapu huanza kwa kusikia mngurumo hafifu kutoka upande wa mbele, akadhani ni tairi au ni ubovu wa barabara. Siku zikipita, sauti hiyo huongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi, na mara nyingi hubadilika usukani unapokatwa kushoto au kulia. Hiyo ni dalili ya beringi iliyochoka. Kuipuuza ni hatari, kwani beringi iliyokufa yaweza kulifanya gurudumu likwame, au hata lichomoke gari likiwa mwendoni.

Kwa wasomaji wetu walioko Oman, adui mkubwa wa beringi ni mchanga na maji ya mabonde yanayovukwa baada ya mvua. Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani, adui ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kote huko, ujira wa fundi mara nyingi huzidi bei ya kipuri chenyewe, na ndiyo sababu wengi huamua kuifanya kazi hii wenyewe.

Beringi za namna gani?

Pikapu nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zina beringi mbili katika kila habu ya mbele: moja ya ndani na moja ya nje. Vyuma vyake vya mviringo vimelazwa kwa mshazari, vyembamba upande mmoja. Mtindo huo ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1898, na mmoja wa wabunifu wake alikuwa Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa mjini St. Louis. Faida yake ni kwamba hubeba uzito wa gari na wakati huohuo huhimili msukumo wa ubavuni gari linapokata kona.

Pikapu nyingi za kisasa hutumia beringi iliyofungwa moja kwa moja ndani ya habu, ambayo hubadilishwa nzima. Nyingine huhitaji mashine ya kushindilia, na hizo ni heri zipelekwe gereji. Maelezo yafuatayo yanahusu zile za zamani.

Kuhakikisha na kufungua

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu, kisha pandisha gari kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi ya chuma. Usiamini jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kasoro imo kwenye beringi. Ukibaki, chunguza viungo vya usukani na vya springi.

Toa gurudumu, fungua kalipa ya breki na uitundike kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake. Ondoa kifuniko cha grisi, chomoa pini, fungua nati na washa, kisha vuta habu taratibu. Beringi ya nje itatoka yenyewe. Ya ndani hutoka baada ya kung'oa sili ya grisi iliyo nyuma yake.

Ndani ya habu hubaki vikombe viwili vya chuma ambavyo beringi huzungukia. Navyo lazima vitolewe, kwa kugongwa kwa fimbo ya shaba upande huu na upande huu. Kuweka beringi mpya juu ya kikombe cha zamani ni kuiharibu tangu siku ya kwanza.

Kurudisha

Safisha habu na mhimili kwa mafuta ya taa, ukaushe. Mhimili ukiwa umeungua na kugeuka rangi ya buluu, au una mikwaruzo mirefu, tafuta ushauri wa fundi kabla ya kuendelea. Gonga vikombe vipya viingie sawasawa. Vikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika ukawa mzito.

Shindilia beringi kwa grisi maalumu ya magurudumu, inayostahimili joto, mpaka itokeze upande wa pili. Tanguliza beringi ya ndani, kisha sili mpya, kisha rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukabidhi pikapu yake kwa fundi aliyekaza nati kwa nguvu zake zote, akidhani kukaza sana ndiyo usalama. Wiki moja baadaye habu ilitoa moshi kwenye barabara kuu, watoto wakiwa ndani ya gari. Beringi ya aina hii haikazwi namna hiyo. Kaza nati huku ukizungusha habu ili vyuma vikae mahali pake, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Habu izunguke kwa wepesi bila kucheza. Tia pini mpya, usirudie ya zamani.

Futa grisi yote kwenye diski, rudisha kalipa na gurudumu, na ukaze nati kwa kukingamisha. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Endesha kilomita chache, simama, na ukaribishe mkono kwenye habu zote mbili. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenziwe, usiendelee na safari: rudi uifungue upya.