Kadi ya grafiki ya bei nafuu na ya bei ghali: namna ya kuzipima kabla ya kuvuka Kobero

Kadi ya grafiki ni mzigo mwepesi wenye thamani kubwa, na ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wanaupenda. Inanunuliwa Dar es Salaam, inapita Kabanga na Kobero, inafika Muyinga. Baadhi hubaki maeneo ya jirani kama Buhinyuza, nyingine huendelea kupitia Karusi hadi Gitega. Lakini mteja akirudisha kadi kwa sababu kompyuta yake haiwaki, huwezi kurudi Kariakoo kuibadilisha kwa faida. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu.

Wauzaji wengi huuza kadi kwa kutaja pointi za majaribio. Makala hii inaeleza pointi hizo zinatoka wapi, zinasema nini na zinaficha nini.

KADI MBILI ZA MFANO

Tuchukue kadi mbili za makampuni yanayoshindana. Ya kwanza ni GeForce GTX 1650 ya Nvidia, iliyotoka Aprili 2019 kwa bei ya dola 149. Ina kumbukumbu ya GB 4 na hutumia wati 75. Ya pili ni Radeon RX 6800 XT ya AMD, iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 649. Ina GB 16 na hutumia wati 300. Hizo ni bei za kiwandani za siku ya kutoka. Leo zote mbili hupatikana zaidi kama mtumba, na bei ya sokoni ni ya kupatana.

Kadi ya kwanza ni ya mtu wa kipato cha kawaida. Ya pili ilitengenezwa kwa mwenye skrini kubwa na umeme wa kutosha.

KIPIMO HUFANYWAJE

Kipimo kikuu ni idadi ya picha ambazo kadi inachora kwa sekunde moja, yaani fremu kwa sekunde. Zikiwa 30, gemu inachezeka lakini si laini. Zikiwa 60, mchezaji wengi anaridhika. Wapimaji makini hawaishii kwenye wastani. Huangalia pia asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mchezaji anapoona picha inakwama, hata kama wastani ni mzuri.

Ili kipimo kiwe cha haki, kadi zote mbili ziwekwe kwenye kompyuta ileile, yenye prosesa ileile na kumbukumbu ileile. Draiva ziwe mpya. Ukubwa wa picha uwe mmoja, kwa mfano 1920 kwa 1080. Jaribio lirudiwe mara tatu, na kadi iachwe ipate joto kwanza, kwani kadi ikipata joto sana hupunguza kasi yake yenyewe. Programu zinazotumika sana ni 3DMark na Unigine Superposition. Zote mbili zina toleo la bure linalotosha kwa kazi ya dukani.

Muuzaji akikuonyesha pointi bila kukuambia zilipatikana kwa ukubwa gani wa picha na kwenye kompyuta gani, hajakuonyesha kitu.

MATOKEO YANASEMA NINI

Kadi hizi zikipimwa kwa haki kwenye mashine yenye nguvu, Radeon inaishinda GTX 1650 kwa kadiri ya mara 4 au zaidi. Sasa angalia bei: dola 649 ni mara 4 na kidogo ya dola 149. Kwa hiyo anayesema kadi ya bei nafuu "inaokoa pesa" hajapiga hesabu vizuri, na anayesema kadi ya ghali ni "wizi" naye hajapiga. Kwa bei zile za mwanzo, gharama ya kila fremu inakaribiana.

Tofauti kubwa iko kwenye vitu vinavyoizunguka kadi. Hapo ndipo mfanyabiashara anapata au anapoteza.

KOMPYUTA YA MTEJA

Kompyuta nyingi zinazouzwa mitumba katika ukanda wetu zilitoka maofisini Ulaya na kwingineko. Pawa saplai zake ni ndogo, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Matoleo mengi ya GTX 1650 hayahitaji waya huo: wati 75 zote hutoka kwenye mazabodi. Mtengenezaji anapendekeza pawa saplai ya wati 300 tu. RX 6800 XT inataka pawa saplai ya wati 750 na waya mbili za pini 8. Tena ni ndefu na nene, haiingii kwenye kasha dogo la ofisini.

Tuseme imeingia. Prosesa ya zamani haiwezi kuilisha kazi kwa kasi inayotakiwa, na kadi inakaa ikisubiri. Skrini nayo, ikiwa ni ya 60 Hz, inaonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Mteja atakuwa amelipia fremu ambazo hatazipata, au atazipata asizione.

Kisha kuna umeme. Sehemu kubwa ya vijiji vya Burundi haijafikiwa na nyaya za REGIDESO, na watu hutegemea sola au jenereta. Kadi ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu yote saa 8 inakula uniti 2.4. Ile ya wati 75 inakula 0.6. Mwenye chumba cha gemu anaweza kuendesha kadi nne ndogo, na wateja wanne wanaolipa, kwa umeme wa kadi moja kubwa.

KAZI NAYO INAAMUA

Hii haimaanishi kadi kubwa haina soko. Mchoraji wa majengo, mhariri wa video za 4K, au anayefanya kazi za akili bandia hatatosheka na GB 4. Kumbukumbu ikijaa, kazi inakwama au programu inakataa kabisa. Wateja wa namna hiyo utawapata zaidi Gitega na Bujumbura.

Lakini tahadhari: baadhi ya programu za kitaalamu zimeandikwa kwa mfumo wa CUDA, ambao ni wa Nvidia. Hapo Radeon ya dola 649 inaweza kushindwa kazi ambayo GTX 1650 inaifanya polepole. Kipimo cha gemu hakikuonyeshi jambo hilo. Muulize mteja anatumia programu gani kabla hujachukua oda.

MITUMBA NA BANDIA

Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo inaweza kuwa nzima, lakini feni zake zimechoka. Iwashe na jaribio zito kwa dakika 20 mbele ya muuzaji. Sikiliza feni na uangalie joto.

Kuna pia kadi bandia: chipu ya zamani kama GTX 550 Ti hubadilishwa programu ya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, ina uwezo wa kutambua nyingi za namna hiyo. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani.

MPAKANI NA NJIANI

Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kompyuta na vipuri vyake kwa ujumla hutozwa 0%. Hata hivyo VAT ya Burundi ni 18%, na zipo tozo nyingine. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kadi iliyotengenezwa Asia haiingii humo hata kama umeinunua Tanzania. Risiti iandike jina kamili la kadi, na wakala wako wa forodha athibitishe viwango vya mwaka huo.

Msafirishaji naye akumbuke: kadi nzito isisafirishwe ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta. Mitikisiko ya njia huvunja mazabodi. Itolewe, iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye boksi lenye sponji.

Kabla ya kulipa, uwe na majibu manne kutoka kwa mteja wako: pawa saplai ni ya wati ngapi, kasha lina nafasi kiasi gani, skrini ni ya aina gani, na programu anayotumia ni ipi. Kwa mteja wa Buhinyuza mwenye kompyuta ya ofisini na umeme wa kubahatisha, kadi iliyoshindwa mara 4 kwenye kipimo ndiyo itakayowaka.