Shada la Maputo kwa Picha ya Mtoto

Siku hizi katika Mpanda mjini, na hata vijijini huko Inyonga, Usevya na Karema, watu wengi hupenda kumpiga mtoto wao picha ya ukumbusho. Wengine humpiga baada ya ubatizo, wengine akijua kukaa, wengine akitimiza mwaka mmoja. Na nyuma ya mtoto hupenda kuona shada la maputo ya rangi rangi, yaani yale ambayo watoto huyaita mapulizo. Basi wapo wanaodhani kwamba shada hilo ni kazi ya fundi wa mjini tu, tena lataka fedha nyingi. Sivyo. Mama na baba waweza kulifanya wenyewe nyumbani. Lakini sharti wajue na hatari yake, maana ipo, nasi tutaieleza hapa bila kuficha.

Desturi ya kupamba nyuma ya mtu apigwaye picha si ngeni kwetu. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua duka lake la picha, Capital Art Studio, mwaka 1930, na watu wa mjini wakaenda kusimama mbele ya mapazia yake wakiwa wamevaa vizuri. Huko Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha wa miaka ya 1990 walipamba vibanda vyao kwa mapazia yaliyochorwa na maua ya karatasi. Maputo nayo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mtaalamu Michael Faraday alitengeneza maputo ya kwanza ya mpira mjini London mwaka 1824, wala hakuyataka kwa sherehe, bali kwa kupimia hewa alizokuwa akizichunguza.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa shada la urefu wa meta 2, tafuta maputo makubwa 52 na madogo 20, na mengine manane ya akiba, kwa kuwa hayakosi ya kupasuka. Chagua rangi mbili au tatu tu. Rangi nyingi mno humfanya mtoto asionekane. Tafuta pia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, meta 4. Watu wa Karema na Ikola, wakaao ziwani, hawatapata shida. Mwisho, shuka au kitenge kisicho na maua mengi, misumari miwili, na boksi gumu. Kupuliza kwatosha kwa mdomo au kwa pampu ya mkono. Usijaze gesi yo yote.

NAMNA YA KUFANYA

Kata tundu katika boksi, upana wa sentimeta 20. Hicho ndicho kipimo chako. Kila puto kubwa likipulizwa, lipitishe tunduni. Likigusa kingo kidogo, basi limetosha. Likiwa na umbo la peari, limejaa kupita kiasi, nalo litapasuka upesi. Toa hewa kidogo mpaka liwe duara.

Funga maputo mawili pamoja kwa mikia yao. Hiyo ni jozi. Fanya jozi ya pili, uiweke juu ya ile ya kwanza mfano wa msalaba, kisha usokote katikati ili yashikamane. Sasa una kifungu cha maputo manne. Fanya vifungu 13 namna hiyo.

Funga ncha moja ya mshipi kwenye msumari. Kamata kifungu cha kwanza, upitishe mshipi katikati yake, uuzungushe mara mbili na kuukaza. Sukuma kifungu cha pili kikaribie sana, ukigeuze kidogo ili maputo yake yaingie katika nafasi za kile cha kwanza. Endelea hivyo mpaka mwisho. Ndipo uchukue yale madogo, yaliyopulizwa kiasi cha sentimeta 10, uyafunge hapa na pale palipo wazi. Usiyapange kama askari wa gwaride. Shada hupendeza likiwa kama tawi lililojaa matunda.

Angalia jua letu. Mwezi wa Septemba na Oktoba joto la Katavi ni kali, na hewa iliyo ndani ya puto hutanuka kwa joto. Kwa hiyo fanya kazi hii kivulini, barazani, jioni ya siku ya kuamkia picha au alfajiri yenyewe. Picha nayo ipigwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa mpole, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Mtoto mwenye njaa hatazami maputo.

HATARI ISIYOSAHAULIKA

Kipande cha puto lililopasuka ni chepesi, laini, tena chateleza. Mtoto akikitia kinywani, kinaweza kuvutwa na pumzi yake mwenyewe na kufunika koo kama kifuniko cha chungu. Kukohoa hakukitoi kwa urahisi. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1994 yalazimisha pakiti za maputo kuandikwa onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Si wachanga tu, basi, bali na kaka zake na dada zake.

Kwa hiyo shika haya. Mtoto akae mbele ya shada, mbali kwa zaidi ya meta moja, asiweze kulifikia. Umbali huo hupendezesha na picha pia. Mtu mzima mmoja asiondoke karibu naye hata kidogo. Puto likipasuka, okota kila kipande mara moja. Usimpe mtoto puto lisilopulizwa alichezee.

Ikiwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja amekabwa, hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Asipopona, mgeuze, umsukume katikati ya kifua mara 5. Rudia, huku mwingine akitafuta msaada wa zahanati. Usitie kidole kooni kwa kubahatisha, usije ukakisukuma ndani.

Sherehe ikiisha, pasua maputo yote na kuyatupa katika shimo la taka, uyafukie. Mbuzi na ng'ombe hula mpira, nao huziba matumbo yao.

Jambo la mwisho: picha ya simu hupotea pamoja na simu. Safisha angalau moja, uandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi jina la mtoto, mahali na tarehe. Na kama mwaka huu fedha ya maputo haipo, usikope. Mkeka safi, kitenge ukutani na mtoto mikononi mwa mama yake vyatosha. Miaka ishirini ijayo, mtoto huyo akiitazama picha ile, hatahesabu maputo. Atatafuta uso wa mama.