Moto Ulio Nyuma ya Watoto Wanaojifundisha

Januari 1999, mtaani Kalkaji jijini New Delhi, Sugata Mitra alitoboa ukuta uliotenganisha ofisi za kampuni alikofanya kazi na makazi ya mabanda, akapachika kompyuta yenye intaneti. Hakuweka mwalimu wala maelekezo. Saa chache baadaye, watoto wasiowahi kugusa mashine ya namna hiyo walikuwa wakiperuzi na kuelekezana.

Mitra ni mwanafizikia, na alichokiona alikiita mfumo unaojipanga wenyewe. Dhana hiyo ilipata heshima kubwa 1977, Ilya Prigogine wa Ubelgiji alipotunukiwa Nobeli ya kemia. Mfano wake unaonekana jikoni: mafuta machache katika chombo bapa, yakipashwa moto kwa chini kwa kadiri inayofaa, hujigawa katika vyumba vya pembe sita ambavyo hakuna aliyevichora. Moto ukizimwa, vinatoweka.

Waliomshangilia Mitra wengi waliusahau moto huo. Walichosikia ni kwamba mwalimu hahitajiki tena, ilhali jaribio lake mwenyewe katika kijiji cha Kalikuppam, kusini mwa India, linasema vingine. Watoto wanaozungumza Kitamil waliachiwa kompyuta yenye somo la bioteknolojia kwa Kiingereza. Baada ya miezi miwili na ushei walipata takriban asilimia 30 katika mtihani. Ndipo akaombwa binti mmoja waliyemzoea, asiyejua lolote la baiolojia, asimame nyuma yao, awasifu, aulize wamewezaje. Alama zikafika kama 50. Mitra aliiita njia hiyo mbinu ya bibi, na kwa kweli kila aliyelelewa na bibi anaijua.

Hata waliomtangulia Mitra hawakuuzima moto huo. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyeyakimbia madarasa ya Calcutta utotoni, alifungua shule yake Santiniketan 1901, masomo yakifanyika chini ya miti. Uhuru ulikuwa mkubwa, lakini walimu waliishi humo humo na wanafunzi. Roma, 1907, daktari Maria Montessori aliwaacha watoto wa mtaa wa San Lorenzo wachague kazi wenyewe. Kila kifaa walichochagua, hata hivyo, kilikuwa kimebuniwa na kupangwa na mtu mzima aliyewatazama kwa makini.

Kisha ikaja zamu ya Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili katika shindano la XPRIZE. Wengi hawakuwa wamewahi kusoma shule. Miezi 15 baadaye, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua sana, na Mei 2019 timu mbili zilizotengeneza masomo hayo ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Tableti hizo zilichajiwa kwa nguvu ya jua, chini ya uangalizi wa watu wazima wa vijiji hivyo hivyo.