Saanane: Mawe Yaliyowatangulia Dinosauri
Familia inayotoka Nyegezi kwa daladala hadi katikati ya jiji la Mwanza, kisha ikavuka kwa boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ambayo ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na kupandishwa hadhi mwaka 2013, haitakuta sanamu za dinosauri, yaani watambaazi wakubwa wa kale, ila itapanda miamba iliyowatangulia kwa mbali. Mawe hayo ya itale, ambayo ni uji wa moto ulioganda polepole chini ya ardhi, yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5, ilhali dinosauri wa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita.

Mtoto akimwona juu ya jiwe mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, akijiinua na kujishusha kana kwamba anafanya mazoezi ya viungo, huenda akadai amempata dinosauri mdogo. Lakini wataalamu huwahesabu ndege kuwa ndio wazao halisi wa dinosauri, hivyo furukombe anayelia juu ya ziwa, na hata kuku aliyeachwa nyumbani, ana udugu wa karibu zaidi nao.

Anayetaka mifupa yenyewe ya dinosauri wa Tendaguru ana safari ndefu, kwa kuwa Wajerumani waliichimbisha kati ya 1909 na 1913, wachukuzi wa Kiafrika wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na dinosauri mmojawapo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin.