Hesabu ya Watu na Mikono ya Kazi

Wakulima, nanyi wakubwa wa vijiji, sikilizeni maneno haya juu ya hesabu ya watu. Mara nyingi mtu anayetaka kufungua kazi katika inchi, kama shamba kubwa la miwa, au kinu cha mahindi, au shimo la shaba, anauliza kwanza: «Watu ni wangapi hapa?» Akiambiwa kwamba ni elfu kumi anafurahi na kusema: «Basi, mikono ya kazi itanitosha.» Anajidanganya. Ndani ya watu elfu kumi kuna watoto wachanga, wazee, wagonjwa, wanafunzi, na wengine wengi ambao mikono yao imekwisha kushika jembe tangu asubuhi. Wenyeji nao wanajidanganya vilevile wakiahidiwa kazi 200 na kuwaza kwamba zote zitakuwa za watoto wao.

Hesabu ikisomwa vema inaonyesha mambo hayo mapema. Ikisomwa vibaya inaweza kuleta njaa. Katika Kongo jambo hilo limekwisha kutokea, na ni vizuri kulitazama kwanza.

Wakati wa Wabelgiji serikali iliandika watu mara kwa mara. Kila mtu alikuwa na karatasi yake katika ofisi ya teritori, na karani alitoa karatasi za waliokufa na kutia za waliozaliwa. Lakini hesabu ile ilikuwa na jicho moja tu. Ilitafuta hasa wanaume wazima wenye nguvu, kwa sababu ndio waliolipa kodi, ndio walioandikwa kwa kazi ya mashimo na ya barabara, tena ndio waliopimiwa mashamba ya pamba. Watu waliijua sababu hiyo, na wengi walikimbilia porini siku ya kuandikwa. Je, mtu atatoka mbele ya karani wakati anajua kwamba jina lake litageuka kamba ya kumfunga?

Mwaka 1924 na 1925 tume moja ya serikali ilifikiri juu ya mambo ya kazi. Ilisema kwamba katika wanaume 100 wenye nguvu, 5 tu wanaweza kupelekwa kazi ya mbali bila kuharibu kijiji. Lilikuwa wazo la akili. Mwanaume akiondoka, nani atakata miti ya shamba jipya? Nani atajenga nyumba, nani atavua samaki? Lakini mahali pengi mpaka huo ulipitwa, maana mashimo na makampuni yalitaka watu, na watu hawakutosha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa lingine. Kilimo cha lazima kilianza mwaka 1917. Mwaka 1933 sheria iliruhusu kumpa mtu siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikaongezwa zikawa 120. Katika buku la serikali siku hizo ziliandikwa juu ya mwanaume. Lakini shambani nani alipanda pamba? Nani alipalilia, nani alichuma na kuibeba mpaka sokoni? Bibi yake alikuwa pamoja naye, na mara nyingi watoto pia. Tena bibi huyo ndiye aliyelima mihogo, aliyechota maji, aliyetafuta kuni, aliyetwanga. Buku lilihesabu mtu mmoja, shamba likala nguvu ya watu wawili au watatu. Wakubwa waliona katika hesabu kwamba nguvu bado ipo, kumbe ilikuwa imekwisha zamani, na shamba la chakula likawa dogo.

Sasa tuone namna ya kusoma hesabu ili tusirudie jambo kama hilo. Tuchukue kijiji cha mfano tu chenye watu 1000.

Katika inchi yetu karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15. Tuseme hapa watoto ni 470, na wazee waliopita miaka 64 ni 30. Wanabaki watu 500. Toa 70 ambao bado wako shuleni. Toa 30 ambao ugonjwa au kilema kinawazuia. Wanabaki 400. Msitoe wanawake! Mwanamke anayelima ni mfanyakazi, hata kama karani ameandika kwamba yeye ni «bibi wa nyumbani».

Katika hao 400, tuseme 300 wanafanya kazi katika mashamba yao, 50 wanauza vitu au wanashona au wanavua, 20 wanapata mshahara, na 30 hawana kazi, wanaitafuta, tena wako tayari kuanza. Yule anayetaka kufungua kinu aliona watu 1000. Kwa kweli walio huru kwa kazi yake ni 30. Akichukua 150, wengine 120 watatoka mahali fulani: wengi watatoka shambani. Basi aulizwe mapema: nani atalima chakula chao, na bei ya unga sokoni itakuwa nini?

Kuna jambo la pili, nalo linawasumbua hata wenye elimu. Nani anaitwa mfanyakazi? Zamani, katika hesabu nyingi, kila mtu aliyelima aliwekwa pamoja na wenye kazi, hata kama mazao yalikuwa ya kula tu. Mwaka 2013 mkutano wa mataifa juu ya hesabu za kazi, uliofanyika Geneva, ulibadili kanuni. Kwa kanuni hiyo, «mwenye kazi» ni yule anayefanya kazi kwa malipo au kwa faida. Anayelima hasa kwa kulisha nyumba yake anaandikwa katika sehemu nyingine. Haikusemwa kwamba hafanyi kazi. Ilisemwa tu kwamba kazi yake iandikwe mbali na ile ya malipo.

Rudini kwenye mfano wetu. Kwa kanuni ya zamani, wasio na kazi ni 30 katika 400, ni kusema 7 na nusu katika mia. Sasa tuseme kwamba katika wakulima 300, wale 220 wanalima kwa kula na hawatafuti kazi nyingine, na 80 wanalima hasa kwa kuuza. Kwa kanuni mpya wenye kazi ni 80 na 50 na 20, jumla 150. Tia wale 30 wanaotafuta: 180. Basi wasio na kazi ni 30 katika 180, mmoja katika kila watu sita. Kijiji ni kilekile, siku ni ileile, hakuna hata mtu mmoja aliyefukuzwa kazi. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba ukosefu wa kazi umeongezeka au umepungua katika inchi, mwulizeni kwanza: «Umehesabu kwa kanuni gani?» Asipoweza kujibu, msimwamini upesi.

Kiisha tazameni mwezi wa kuhesabu. Karani anauliza mara nyingi: «Katika siku 7 zilizopita ulifanya kazi gani?» Katika Katanga ya kusini mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi na moja, na tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa ni kiangazi. Mwanaume akiulizwa mwezi wa saba atajibu kwamba anachoma makala, au anafyatua matofali, au amekwenda ziwani Mweru kununua samaki. Mwulizeni mwezi wa kumi na mbili: yuko shambani. Majibu yote mawili ni ya kweli. Mtu akisoma jibu la mwezi wa saba peke yake atawaza kwamba mikono iko huru mwaka mzima, na mwezi wa kupalilia atashangaa wafanyakazi wake wamekwenda wapi.

Maulizo juu ya kazi yawe matatu. Unafanya nini kwa mikono yako? Mahali unapofanya, wanatoa kitu gani? Na wewe ni nani pale: mtu wa mshahara, mwenye kazi yako mwenyewe, au msaidizi wa ndugu bila malipo? Dereva wa kampuni ya shaba kazi yake ni kuendesha gari, lakini katika ulizo la pili anaandikwa upande wa mashimo. Ndivyo ilivyo kwa mpishi, mlinzi na karani wa kampuni ileile. Mkisoma jibu la pili peke yake mtawaza kwamba wote ni wachimbaji, na mtajenga shule ya kufundisha kuchimba, kumbe wanatafutwa mafundi wa injini. Mkisoma la kwanza peke yake, hamtaona kwamba shimo likifungwa, mpishi na mlinzi wataanguka pamoja na mchimbaji.

Katanga imeliona jambo hilo kwa macho. Hesabu kubwa ya inchi nzima ilifanywa tarehe 1 ya mwezi wa saba 1984, nayo ilipata watu karibu milioni 30. Mpaka mwaka 2024 haikuwa imefanywa nyingine kama ile. Wakati ule Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na pamoja na mashimo ilikuwa na shule, hospitali na mashamba yake. Mwaka 1990 shimo la Kamoto liliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, na ndani yao walikuwa mafundi na walimu. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliondoka pamoja kwa kulipwa mara moja. Wengi walishika jembe, wengine wakaanza kuchimba kwa mkono.

Basi, mtu anayesoma karatasi za 1984 ili kujua wafanyakazi wa Kolwezi wa siku hizi anasoma habari za mji mwingine. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile sasa amepita 50. Hata mipaka imegeuka: mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Msilinganishe Katanga yote ya zamani na Lualaba peke yake. Kusanyeni kwanza teritori zilezile pande zote mbili.

Hesabu kubwa ikiwa ya zamani, kuna msaada: kuuliza nyumba chache zilizochaguliwa vizuri, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja akajua chumvi ya chungu. Serikali ilifanya hivyo mwaka 2005 na 2012, ikauliza juu ya kazi, biashara ndogo na matumizi ya nyumba. Ilionekana kwamba sehemu kubwa kabisa ya wafanyakazi hawana mkataba wa kuandikwa. Lakini kijiko kimoja kinafaa kwa chungu chote. Hakifai kwa kila tonge. Majibu ya namna hiyo ni mazuri kwa jimbo. Kwa kijiji kimoja ni dhaifu.

Kwa kijiji mnaweza kufanya buku lenu wenyewe. Chagueni kijana na msichana wanaojua kuandika, wanaoaminiwa. Waende nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa kupalilia, mara moja wakati wa kiangazi. Waandike kila mtu aliyelala pale usiku uliopita, na wenye nyumba ambao hawapo, na mahali walipo. Waandike umri, shule, na yale maulizo matatu ya kazi. Wamwulize mwanamke mwenyewe, si mume wake. Wasiulize fedha anazoficha mtu wala jambo la kodi, na buku lifungwe kwa ufunguo, maana watu wakiona majina yao yanachukuliwa kwa kodi watajificha tena kama zamani. Atakapokuja mtu wa kinu au wa shimo na kuahidi kazi, msimpe buku. Mpeni jumla tu: wangapi wako huru mwezi wa saba, wangapi mwezi wa kumi na mbili.